Kamba Yangu ya Kuanikia Nguo

Jumapili, 16 Machi

Mama Pasta Dorothy ametuambia sisi tunaosomea ndoa tuandike kila siku mpaka siku ya harusi, ati tukija kusoma tutaona mkono wa Mungu. Haya, naandika. Mimi ni Gentrix Khalayi, fundi wa nguo hapa Lubao. Cherehani yangu iko nje ya duka la mbolea, kando ya barabara kuu, huwezi kupita usinione. Nimekaa na Elvis Andati miaka tisa na tuna watoto wawili, lakini kanisani ikifika meza ya Bwana mimi na yeye tunabaki kwenye benchi, watu wakiruka magoti yetu kwenda mbele. Nimechoka kurukwa.

Pasta amekubali kutufungisha mwezi wa Agosti. Sharti lake ni moja: baba yangu aseme kwa kinywa chake kwamba mahari imefika. Mahari yenyewe imebaki ng'ombe mmoja tu, na Elvis anasema yuko bomani kwa baba yake. Tuone.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeshuka. Nimepanda mahindi upande wa chini wa shamba.

Jumanne, 25 Machi

Zipu za sare za shule kutwa nzima. Mgongo hauna mwenyewe.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika na hasira, mwandiko usamehewe.

Asubuhi Baba alimtuma ndugu yake, baba mdogo Osundwa, aje kumwona ng'ombe. Ndiyo desturi, wenye binti huja kumtazama kwanza, warudi waseme amefaa au hakufaa. Kutazama tu! Baba mdogo akafika kwa mzee Andati, baba mkwe wangu, akala ugali na kuku, akashinda akimzunguka yule ng'ombe. Mtamba mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, mzuri kweli. Akampapasa kiwele, akamfungua mdomo, halafu akasema, "Mimi sirudi mikono mitupu. Huyu naenda naye leo leo."

Mzee Andati akamwambia, "Shemeji, umekuja na kamba?"

"Kwani hii yake ina nini?"

"Hii haitoki. Ng'ombe anatoka, kamba inabaki. Nikikupa kamba nimekupa boma lote. Anayechukua ng'ombe anakuja na kamba yake, hata kwenu mnajua."

Anajua sana. Lakini alikuwa ametoka nyumbani kuja kutazama, kamba angeibeba ya nini? Mtu mwenye akili angerudi kwake. Yeye akanigeukia mimi. "Gentrix, mtoto wangu, utaniacha niaibike mbele ya wakwe zako?"

Nikaenda nyuma ya nyumba yetu, papo hapo bomani, nikafungua kamba yangu ya kuanikia nguo. Ni ile ya nailoni, ya buluu, ndefu, inatoka kwenye mparachichi mpaka kwenye choo. Elvis akasema ikatwe, iwe fupi. Nikakataa. Nikamwambia baba mdogo, "Usiikate, nitaitaka irudi nzima." Akaondoka akiimba.

Saa tisa hivi nikapigiwa simu. Kumbe baba mdogo hakumpeleka ng'ombe moja kwa moja. Kila kibanda anasimama, watu wamuulize ng'ombe ni wa nani, naye ajibu. Kwenye kibanda cha chai karibu na daraja akamfunga kwenye nguzo kwa kamba yote, mita na mita za kamba, akaingia kunywa chai kwa sababu mvua ilikuwa inaanza. Ng'ombe akaona majani ng'ambo ya barabara. Gari dogo jeupe likamkuta katikati.

Nilifika nikakuta visu vimenitangulia. Haki ya nani, sijui watu hutembea na visu mfukoni wakingoja! Dereva, mama mmoja wa makamo amevaa sare ya uuguzi, alikuwa ameketi kwenye mawe ameshika mkono, kioo cha mbele kimemwagika, boneti imekunjika yote. Hakuna aliyemuuliza kama ameumia. Nami pia sikumuuliza. Nilimtazama nikamchukia.

Nyama ikagawanywa pale pale. Mguu wa nyuma ukapelekwa kwa mzee Andati. Kidari na nundu vikapelekwa kwa Baba. Baba mdogo akachukua kichwa. Mimi nikaifungua kamba yangu kwenye nguzo, nikarudi nayo.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani sikuenda. Nimeiosha kamba mara tatu ndipo ikatoka damu.

Baba amepiga simu asubuhi, "Yule mama atanilipa ng'ombe wangu." Kabla sijaweka simu chini mzee Andati akaingia, "Yule mama atanilipa ng'ombe wangu, alikuwa hajafika kwenu." Wamekutana jioni hapa kwangu, wazee wawili wazima, kila mmoja akisema ng'ombe wangu, ng'ombe wangu. Elvis alikuwa katikati yao anamimina chai. Amemwaga nusu kwenye sahani.

Jumatano, 2 Aprili

Leo tumeenda polisi sote. Wazee wote wawili wamevaa makoti.

Yule mama alikuwepo, mkono umefungwa bendeji. Anaitwa Priscah, anakaa Amalemba, ni muuguzi wa zahanati moja ya binafsi. Afisa alimsikiliza kila mtu, akaacha kuandika, akasema, "Wazee, nani amewaambia kwamba mama huyu ndiye atawalipa? Barabara si malisho. Mwenye mfugo ndiye anatakiwa kumzuia asiingie barabarani. Mama akitaka, anamshtaki mwenye ng'ombe alipe gari. Mwenye ng'ombe naye akiona gari lilikuwa linakimbia, ajitetee, korti iwagawie makosa. Hiyo ni kesi ya madai, iko huko mbele, si hapa kwangu. Mimi nataka jina tu la kuandika. Ng'ombe ni wa nani?"

Wuui! Ungeona nyuso zile.

Mzee Andati ndiye alikuwa wa kwanza. "Mimi nilishamtoa. Ng'ombe alitoka kwangu bila kamba yangu. Mwenye kamba ndiye mwenye ng'ombe, hata mtoto anajua."

Baba akaruka, "Kamba haikutoka kwangu! Osundwa nilimtuma macho, sikumtuma mikono. Ng'ombe ambaye hajaingia boma langu ni wangu namna gani?"

Baba mdogo akasema yeye ni mtembezi tu.

Afisa akamgeukia Elvis. "Kijana, si hii ni mahari unayotoa wewe? Ng'ombe ni wako?" Elvis akatazama viatu vyake. Viatu vyenyewe nilimnunulia mimi. Akasema, "Mimi hapo siwezi kujua, afande. Hayo ni mambo ya wazee."

Siku tatu zilizopita ng'ombe alikuwa na wenyewe wawili na nusu. Leo hana hata mmoja, na nyama yake bado iko sufuriani. Mla nawe hafi nawe, walisema wahenga.

Alhamisi, 3 Aprili

Sijaongea na Elvis.

Ijumaa, 4 Aprili

Bado.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Priscah amekuja kwenye cherehani. Amesimama chini ya paa la duka la mbolea akaniuliza kwa adabu, "Dada, naomba jina tu. Bima yangu ni ile ya kulipa watu wengine, gari langu halimo. Wakili ameniambia siwezi kushtaki ukoo mzima, nishtaki mtu. Ng'ombe alikuwa wa nani?"

Nikamwambia, "Uliza wazee."

"Wazee wananiambia niulize wazee."

Nikajifanya natia uzi kwenye sindano. Akaenda.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tumerukwa magoti tena. Mama mmoja amenikanyaga kidole cha mguu akienda kupokea mwili wa Bwana, hata pole hakusema.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepalilia peke yangu. Elvis amepata kazi ya kuezeka kwa watu. Bora aende huko akaezeke.

Jumamosi, 3 Mei

Nimeenda kwa Baba. Nilitaka kumaliza. Nikamwambia, "Papa, sema tu mahari imefika. Ng'ombe alitoka, nyama ulikula."

"Nilikula nyama ya ajali," akasema. "Mahari haiji kwenye mfuko wa plastiki. Niletewe ng'ombe anayetembea."

Nikatoka hapo mpaka kwa mzee Andati. Naye, "Mimi nilitoa ng'ombe anayetembea! Nitatoa mara ngapi? Mwambie baba yako amuulize Osundwa." Nikaenda kwa baba mdogo Osundwa, sikumkuta. Mkewe ananiambia siku hizi akisikia mlio wa gari dogo anaingia shambani kwenye mahindi.

Nimetembea siku nzima kwenye matope natafuta mtu mzima mmoja katika koo mbili. Sijampata.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwambia Elvis yote leo. Nimemwambia, "Ulikataa ng'ombe. Yule ng'ombe alikuwa mimi."

Akasema, "Si ningesema ni wangu, Mzee anikane? Nilipe gari la watu kwa nyundo hii?"

"Ungesema ni wetu."

Elvis si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningekuwa nimeondoka zamani. Ni mtu wa kungoja mvua ipite, na mvua ya mwaka huu haipiti. Nimelala na watoto.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua ya mawe. Mahindi yamechanika majani. Nikiwa nafunika cherehani, nani huyo anakuja mbio na mfuko wa plastiki kichwani? Priscah. Ametoka zamu, hana gari, pikipiki imemwacha njiani. Sikuwa na pa kumfukuzia. Nikamvutia kiti, nikamwekea chai.

Tukakaa tukitazama barabara. Halafu akasema mwenyewe, sikumuuliza, "Nilikuwa nakimbia. Waipa moja ilikuwa imekufa wiki nzima, nikataka nifike kabla mvua haijakaza. Ningekuwa naenda polepole, labda ningemwona. Wakili ananiambia nisiseme hivyo kwa mtu."

Nilishangaa. Tangu Machi huyu ndiye mtu wa kwanza kuniambia amekosa kitu. Nami nikajikuta nimesema, "Kamba ilikuwa yangu. Niliambiwa ikatwe, nikakataa. Ingekuwa fupi asingefika barabarani."

Akanitazama. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui."

Akamaliza chai. Alipoondoka nikakumbuka sikuwahi kumuuliza habari ya mkono wake.

Jumapili, 1 Juni

Pasta ametuita pembeni. Anasema watu wa Agosti ni wengi, na kama kufikia mwisho wa mwezi huu Baba hajasema neno, nafasi yetu anawapa wengine, tungoje mwaka ujao. Elvis akasema, "Sawa, Pasta." Sawa! Nilitaka kumfinya mbele ya madhabahu.

Jumatano, 11 Juni

Hakuna kitu. Vifungo, pindo, vifungo.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nitaandika mpaka kalamu ikauke.

Priscah alichoka kuzungushwa akaenda kwa naibu chifu, na naibu chifu akatuita wote. Ofisi yake ni chumba kimoja cha mabati, kwa hiyo tuliketi nje kwenye viti vya kanisa. Kabla ya kutoka nyumbani nilienda nyuma ya nyumba, nikaanua nguo ambazo hata hazijakauka, nikaifungua kamba, nikaitia kwenye kikapu. Elvis aliniona. Hakuuliza.

Naibu chifu akaanza kwa maombi, halafu akasema hataki hadithi ndefu. "Mama huyu gari lake limekaa karakana miezi yote hii. Ng'ombe hakuanguka kutoka mbinguni. Kila mtu aseme, ni wake au si wake."

Mzee Andati: si wake, alimtoa bila kamba. Baba: si wake, hajampokea, kamba haikuwa yake. Baba mdogo Osundwa: yeye aliombwa tu kutazama, na chai yenyewe alikuwa hajaimaliza. Elvis akafungua mdomo. Nikamtazama, nikamtazama sana. Akaufunga.

Naibu chifu akapiga meza. "Nyinyi wote mnasema kamba, kamba. Haya, kamba ilikuwa ya nani?"

Nikasimama. Nikaitoa kwenye kikapu nikaimwaga pale mbele yao kwenye nyasi, buluu, ndefu, mpaka kuku wakakimbia. "Yangu hii. Naanikia nguo za watoto. Wazee wote wamesema mwenye kamba ndiye mwenye ng'ombe. Basi ng'ombe alikuwa wangu. Andika, Gentrix Khalayi."

Baba mdogo Osundwa akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanamke awe na ng'ombe wa mahari yake mwenyewe? Umejioa?"

"Basi sema ni wa nani, baba mdogo. Nimekaa chini, simama wewe useme."

Kicheko kikamkauka.

Baba akainuka na fimbo. Sijamwona na hasira kama ile tangu nikiwa msichana. "Gentrix, unaniaibisha mbele ya watu! Ng'ombe huyo hakuwa wako!"

"Alikuwa wako, Papa?"

Akamtazama Priscah. Akamtazama naibu chifu, ambaye tayari alikuwa ameshika kalamu. Nilimwona anahesabu kioo na boneti kichwani. Akakaa. "Alikuwa wake," akasema kwa sauti ndogo. "Andika jina lake."

Hapo ndipo nilipopangojea. Nikamuuliza kwa adabu yote aliyonifunza mama yangu, "Na mimi nilimpata wapi, Papa? Sikumnunua. Sikumwiba."

Akageuzageuza fimbo yake.

"Alitoka boma la nani, na kwa sababu ya nani?"

"Alitoka kwa Andati," akasema. "Kwa sababu yako."

"Basi mahari ilitoka, ikapokelewa na mimi mtoto wako. Ikafia mkononi mwangu, si mkononi mwa Andati. Hasara ni yangu. Ama jina nilifute, tuanze tena kuuliza ng'ombe ni wa nani?"

Mzee Andati akasema haraka sana, "Asifute!" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Lakini naibu chifu akamuuliza mbele ya wote kama mahari imefika, naye akasema imefika. Mama Pasta Dorothy alikuwa pale, alisikia. Nilimwomba aje kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu gari, hatukuhitaji korti. Priscah alisimama akasema nusu ya kosa ni lake, alikuwa mbio na waipa moja, nusu hiyo ataibeba mwenyewe. Nusu yangu nitailipa kwa cherehani. Zahanati yao inataka sare mpya za wauguzi wote, na wenzake wa zahanati nyingine pia, nitashona mpaka deni liishe. Tukapeana mikono. Nikamuuliza kama mkono wake umepona. Akasema unauma ukipigwa na baridi.

Tukirudi Elvis akasema, "Ungeningoja kidogo tu, ningesema."

Nikamwambia, "Nimekungoja tangu Machi." Tukatembea. Alinibebea kikapu.

Jumamosi, 28 Juni

Sare.

Jumatatu, 7 Julai

Sare. Elvis amenitengenezea meza ya kukatia vitambaa, pana, ya mbao za mkaratusi. Hakusema kitu, ameiweka tu asubuhi nikaikuta. Nimemwambia asante. Bado nina hasira, lakini meza ni nzuri.

Jumatano, 23 Julai

Mahindi yameanza kuiva. Watoto wanachoma kila jioni. Baba amepita akanunua nusu gunia la mbolea ambalo halihitaji, ili asimame karibu na cherehani yangu. Akasema, "Unashona sana." Nikasema, "Nina ng'ombe nalipa." Akakohoa, akakaa kwenye kiti changu cha wateja mpaka giza. Hakuomba msamaha, na wala sikutegemea aombe. Wakati wa kwenda akaniuliza kama harusi nitataka kuku wangapi.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika ya jana, jana sikuwa na nafasi.

Priscah ndiye aliyenipeleka kanisani. Gari lake limetoka karakana, kioo kipya, boneti imenyooka ila rangi haijafanana. Nilikaa nyuma na gauni langu nililoshona mwenyewe, Mama Pasta Dorothy amekaa mbele ameshika saa mkononi, anasema tumechelewa, tumechelewa. Priscah anaendesha polepole mpaka baiskeli zinatupita.

Karibu na daraja, pale pale, akafunga breki. Katikati ya barabara amesimama ng'ombe mweusi, kamba inaburuta nyuma yake. Hakuna mtu. Kwenye kibanda cha chai wanaume wanne walikuwa ndani. Nikatoa kichwa dirishani.

"Ng'ombe wa nani huyu?"

Wote wanne wakatazama vikombe vyao.

Mama Pasta akasema, "Achana naye, Gentrix, piga honi tupite!" Lakini nyuma kulikuwa na lori la miwa linakuja, nililiona kwenye kilima. Nikakusanya gauni, nikatoka. Nikaikanyaga ile kamba, nikaishika, nikamvuta mpaka kwenye nguzo. Nikamfunga fupi, mafundo mawili, fupi hata kugeuka ageuke kwa taabu. Lori likapita. Mmoja wa wale wanaume akasema kutoka ndani, "Asante, mama." Sikumjibu, maana ningemjibu ningekosa harusi.

Baba alisimama akasema neno lake kanisani, kwa sauti, tena bila kuombwa mara mbili. Elvis aliposema "Ndiyo" alisema kabla pasta hajamaliza swali, watu wakacheka, nami nikacheka.

Halafu ikaja meza ya Bwana. Safari hii hakuna aliyeruka magoti yangu. Nikaenda mbele, nikafungua viganja nipokee mkate, na viganja vilikuwa bado vinanuka ng'ombe.